Fuvu la Pili

Kila Ijumaa Bi Tamasha aliyashusha mafuvu saba ya jumba la makumbusho, akayafuta vumbi na kuyarudisha rafuni kwa kufuata vibao vilivyogongomewa hapo: cha kwanza "Sokwe", cha mwisho "Mtu Kamili". Fuvu la pili, jirani ya sokwe, lilikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa yakachongoka. Ndivyo walivyochongwa wasichana wa kwao wakivunja ungo. Yeye naye alichongwa, ndiyo maana akicheka hufunika mdomo kwa upindo wa kanga.

Ijumaa hiyo alilishika kwa muda mrefu. Kisha akaliweka mwisho wa rafu, na lile la mwisho akalihamishia nafasi ya pili. Vibao hakuvigusa.

Saa nne profesa akaingia na wanafunzi wake. Bi Tamasha alibaki mlangoni na tambara lake.

"Sayansi haina upendeleo," profesa alisema, fimbo yake ikipita juu ya mafuvu. "Tazameni paji la huyu wa pili lilivyolala. Akili ingekaa wapi? Sasa mtazameni huyu wa mwisho!"

Wanafunzi wakaandika. Binti mmoja tu hakuandika, alikuwa ameinama mbele ya rafu.

"Samahani, Profesa. Mbona Mtu Kamili amechongwa meno?"

Fimbo ikasimama hewani. Profesa akapapasa mfukoni kutafuta miwani. Nyuma yao kicheko kikapasuka, wote wakageuka. Bi Tamasha alikuwa mlangoni, kanga imemwangukia mabegani, meno yote nje.