Marehemu wa Safu ya Pili

Asiyekuwepo na lake halipo, husema wahenga. Baba yangu alikuwepo ukumbini, safu ya pili, na lake halikuwepo.

Mkuu wa chuo alikuwa akiwasomea wageni fomu yangu ya kuomba ufadhili, jina langu bado hajalitaja. "Binti huyu alifiwa na baba akiwa na miaka sita..."

Watu wakapiga makofi. Baba naye akapiga, vidole vyake vya fundi cherehani vikiwa bado na chaki, huku akigeuka nyuma kumtafuta huyo yatima wa watu.

Nikamtazama mwalimu aliyenijazia fomu ile, aliyekaa kando yangu. Nilizoea kumwita mama, ndiyo maana nilitia sahihi bila kusoma. Akaninong'oneza, "Nyamaza, mwanangu. Maskini ni wengi, wanaopita ni yatima."

Nikaenda mbele, nikachukua kipaza sauti. "Marehemu ni yule pale, mwenye koti la kijivu. Amelishona mwenyewe kwa ajili ya leo."

Makofi yakamfia Baba mikononi.

Mkuu akafunga faili langu. Mwalimu akanifuata, akanivuta mkono. "Omba radhi upesi, nafasi yako bado ipo!"

"Radhi siombi."