Aliyebaki Ndani

"Faili hili linatumiwa na Mwantumu," kompyuta ilimwandikia Mwantumu mwenyewe.

Katika baraza lile la ardhi, makarani wote akiwemo Mwantumu, walifanya kazi ndani ya kompyuta moja iliyokuwa katika mji wa mbali. Jioni walifunga dirisha tu na kwenda zao bila kujitoa kwenye mfumo. Hivyo tangu Ijumaa, Mwantumu mwingine, yule aliyeingia siku hiyo bila kutoka, alikuwa bado yumo humo, ameukumbatia ushahidi wa Bibi Hadikwa.

"Nakala za muda zimeharibika, dada," fundi alisema kwenye simu. "Mtoe huyo wa Ijumaa, uzifute. Ila ambacho hakukihifadhi, kwaheri."

Bibi Hadikwa alikuwa amesimama mlangoni. Kesi yake ilikaribia kuitwa.

"Mjukuu wangu, maneno yangu yapo?"

Mwantumu alimvutia kiti hadi kwenye kibodi.

"Kaa hapa, bibi. Yakipotea utayasema upya, nami nitayaandika. Na hiyo kesi haianzi mpaka tumalize."

Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, na nyuso zao mbili zikaonekana humo kwa mbali, zikisubiri. Kisha faili likafunguka, tupu.

Bibi Hadikwa akasafisha koo.

"Shamba lile," akaanza.