Sikio la Bwana Harusi

Sikio la bwana harusi lilikatika tena. Honorine aliliona likipotea kwenye kompyuta pamoja na ukuta wa shimo, akasonya kwa sauti mpaka mteja aliyekuwa akingoja picha za pasipoti akageuka kumtazama.

Si kwamba kazi ilikuwa ngeni kwake. Mji mzima wa Kasongo unamjua: unamletea picha uliyopigwa kando ya jaa, anakuzungushia mstari, anafuta vya nyuma, anakuvika koti la suti ambalo limeshavaliwa na nusu ya wanaume wa mji, kisha anakusimamisha mbele ya maua. Unatoka pale mama yako mzazi akisita kukutambua. Lakini huyu Élysée alikuwa balaa. Alikuwa amepigwa picha kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Kabambare, amepakaa udongo mwekundu kuanzia nywele hadi shingo, na nyuma yake ni udongo uleule. Kitufe kinachomtambua mtu chenyewe kiliuchukua ukuta kikamwacha Élysée. Honorine alipochora kwa mkono, shavu lilitoka na donge. Alipoondoa donge, likaondoka na sikio.

Na ndoa ni Jumamosi. Bwana harusi asiyeweza kufika kwa ubaya wa barabara huwakilishwa na baba yake mdogo, na picha yake kubwa huwekwa kwenye kiti kando ya bibi harusi. Mzee Christophe, baba yake bibi harusi, Darlène, alikuwa amelikubali hilo kwa shingo upande, ila alitaka kuona sura ya mtu, si tope. Bila picha safi, hapokei mahari. Na tumbo la Darlène lilikuwa limeshajitokeza. Mtoto akizaliwa kabla ya mahari atakuwa wa ukoo wa Christophe, atapewa jina la kwao, na upande wa Élysée hautakuwa na la kusema.

Ndiyo maana Mama Élysée alikuwa hapo tangu asubuhi, ameketi kwenye benchi, amejifunika kitenge mpaka kidevuni, haombi hata maji. Alikuwa mjane, na Élysée ndiye mwanawe wa pekee. Honorine alimhurumia sana. Aliyemchukia ni huyo mwanamume mwenyewe.

Maana dawa ilikuwa rahisi: aoge, asimame mbele ya ukuta mweupe, ajipige picha nyingine. Ile picha ilikuwa imeingia WhatsApp juzi kutoka namba yake mwenyewe, na Honorine alimwandikia palepale, kwa adabu. Alama mbili zikageuka bluu. Amesoma, jibu hakuna. Akamwandikia tena, safari hii adabu imepungua. Bluu tena, kimya. Mtu anaozeshwa, na hana hata neno moja kwa anayehangaika na masikio yake.

Alimgeukia mama. Akamuuliza kama huko aliko mwanawe hakuna maji. Mama akasema huko kazi iko mingi. Akamuuliza kama hakuna picha nyingine. Mama akasema zile za zamani iko mutoto wa shule tu, na mzee Christophe anataka kuona mwanamume. Akamuuliza, kwa sauti ya chini ili mteja wa pasipoti asisikie, kama huko machimboni hakuna mwanamke mwingine aliyemshika. Mama alirekebisha kitenge chake.

“Hapana,” alisema. “Mwanamuke iko Darlène tu.”

Honorine hakuamini hata kidogo. Wanaume wa machimbo aliwajua. Mmoja wao alimpotezea miaka yake mizuri yote kwa ahadi za kurudi. Akashika tena kipanya, akaikuza picha mpaka jicho la Élysée likajaa kioo kizima. Akaanza upya, taratibu, akifuata mpaka ambao macho yenyewe yalikuwa yakibishana juu yake: hapa ngozi, hapa ukuta, hapa nywele, hapa ukuta. Betri ya sola ikaanza kulia. Mteja wa pasipoti akaondoka akinung'unika. Shingo ilimkaza, macho yalimwasha, na alipoirudisha picha katika ukubwa wake aone alichopata, upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeliwa kama muhogo uliotafunwa na panya.

Hapo uvumilivu ukamwishia. Akasukuma kipanya kando, akamwambia mama wazi kwamba ameshindwa, kwamba hawezi kujiua kwa ajili ya mtu asiyejali harusi yake mwenyewe, na kwamba akili ya huyo kijana ingekuwa hapa Kasongo hata kidogo, angekuwa ameshajibu. Mama aliinama tu, akitazama sakafu.

“Nitamupigia mimi,” Honorine alisema, akichukua simu yake. “Aniambie yeye mwenyewe kama anataka hii ndoa.”

Mama Élysée alinyoosha mkono kumzuia, lakini namba ilikuwa imeshabonyezwa.

Simu ikaita ndani ya kikapu cha mama.

Mama aliitoa, akaishika kwa mikono miwili mpaka iliponyamaza.

“Hii aliiacha juu, mbele ya kushuka mu shimo,” alisema. “Walichimba wakimutafuta, wakachoka, wakaacha. Weye, mama, usiache.”