Kura za Mgongoni

Mgombea haruhusiwi kugeuka. Sumari alisimama mikono nyuma, uso ameuelekeza kwenye migomba, akisikiliza miguu ya watu wanaojipanga nyuma yake. Hatua chache pembeni alisimama Arnold, naye anatazama hukohuko. Ndivyo chama chao cha ushirika, huko juu ya Nkoaranga, kinavyomchagua mwenyekiti: kila mkulima anakwenda kusimama nyuma ya mtu wake, na mgombea anabaki kubahatisha kwa masikio.

Roho yake ilikuwa juu. Arnold akishinda, mtambo wa kumenya kahawa unauzwa kwa tajiri mmoja wa mjini. Hilo Arnold hakulificha. Sumari alitaka mtambo ubaki mali ya wakulima wote, na aliposema wote alimaanisha wote, pamoja na familia zilizotoka Singida na Kondoa kuja kuchuma kahawa, zikanunua vishamba, zikabaki.

Hapo ndipo alipoangushwa katika chaguzi mbili zilizopita. Watu walimpigia makofi alipowasema matajiri, lakini akifika kwa watu wa kuja, wanaanza kukohoa. Wengi waliamini ardhi inakwisha kwa sababu yao. Sumari hakubadili neno. Anayekunyonya, aliwaambia, ni yule anayenunua kahawa yako kwa bei ya kutupa, si jirani yako aliyezaliwa kwingine. Mbishi huyo, na ubishi wenyewe wa kurithi.

Safari hii mkewe, Magreth, alisema hawezi kumwona akiaibika tena. Wakazunguka nyumba hadi nyumba, yeye, mkewe na Manase, mtu wa Singida aliyekaa mlimani hapo miaka mingi mpaka anatania wazee kwa Kimeru cha wenyeji. Sumari alihutubia uani kwa Kiswahili, jasho likimtoka, kisha akatangulia, maana nyumba zilikuwa nyingi. Magreth alibaki nyuma kidogo kuagana na wenyeji.

Ikawa ajabu. Waliokuwa wakimnunia Sumari sasa walimpokea kwa mikono miwili. Mzee Solomoni, ambaye hakuwahi kumkaribisha hata kwenye kigoda, alimletea mkungu wa ndizi mpaka mlangoni. Sumari alifurahi kama mtoto. Hatimaye haki imewaingia, alimwambia mkewe, na Magreth akamwambia ale kwanza, chakula kinapoa.

Manase tu ndiye aliyemvunja moyo. Siku moja alirudi kuchukua kofia aliyoisahau kwenye nyumba waliyotoka, na tangu hapo hakuongozana nao tena. Walipokutana njiani alimpa shikamoo huku anatazama chini, akapita. Sumari alidhani Arnold amemtisha, akamwonea huruma.

Sasa miguu ilikoma. Msimamizi alihesabu, akarudia kuhesabu, kisha akamtangaza Sumari kuwa mshindi, tena kwa mbali. Vigelegele vikapigwa. Machozi yalimlengalenga. Miaka yote walimcheka kwa kuwaamini watu hawa, na yeye hakuacha kuwaamini.

Akageuka. Mstari wake ulipinda mpaka barabarani. Alimtafuta Manase amkumbatie, hakumwona. Alikuja kumwona kwenye mstari mfupi wa Arnold, na pamoja naye watu wa Singida na Kondoa wote, wake kwa waume, wanamtazama bila kupepesa macho.

Mzee Solomoni, aliyekuwa wa kwanza nyuma yake, alimsogelea sikioni.

"Mkeo alitueleza kwamba yale ya umoja ni maneno ya mbele za watu tu," alisema. "Sasa kiti umeshakipata, mwenyekiti. Hawa tunaanza kuwatoa lini?"