Neno la Dada Mkubwa

"Haioni kitu, Penieli," Lagi alisema kwenye simu yake ya vibonyezo. "Ruta iko palepale juu ya kabati la sahani, taa zote nne zinawaka kijani. Lakini waifai hakuna, hata moja."

"Tulia, dada yangu. Tutaipata tu."

Penieli, mdogo wake, alikuwa fundi wa kompyuta huko Auckland. Laptopu iliyokuwa mbele ya Lagi yeye ndiye aliyempa, akaiwekea mfumo wa Linux kwa mikono yake. Jumatano, matanga ya baba yao yalipokwisha, aliikagua, akaifunika kwa kitambaa, ndipo akaenda kupanda ndege.

Leo saa nne asubuhi wazee wa ukoo walikuwa wameanza kikao kwa video, kuamua nani abebe jina la uchifu la baba. Lagi ndiye binti mkubwa. Kwa mila yao, neno lake hakuna ambaye angelipinga. Naye alikuwa nalo: Solofa, kitinda mimba, aliyebaki nyumbani kisiwani Savai'i miaka kumi na mmoja akilima taro na kumwogesha baba.

"Ile amri niliyokutajia umeiandika? Kompyuta imejibu nini?" Penieli akauliza.

Lagi akavaa miwani, akasoma polepole. "Inasema kadi ya waifai ipo, ila imefungwa kwa nje."

"Kompyuta huyaandika hayo kila siku, usiyajali. Zima, washa tena."

Akazima, akawasha. Mara ya tatu sasa. Saa ya ukutani ilisema nne na dakika arobaini.

"Kompyuta yako hii mbishi kuliko nguruwe wa Solofa!"

Penieli akacheka. "Au ni vidole vyako, dada. Vimezoea mikeka tu."

"Mikeka hainigomei. Na wewe umekosa kikao kwa ajili yangu, jamani."

"Dada kwanza. Ngoja kidogo, kuna mteja ananiita. Usiguse kitu."

Simu ikanyamaza. Lagi akabaki na maneno yale: kwa nje. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa laptopu, taratibu, kama anayetafuta chane iliyochomoka kwenye mkeka. Upande wa kulia, karibu na tundu la waya, kucha yake ikakwama kwenye kiswichi kidogo kama punje ya mchele. Akakisukuma.

Waifai ikatokea. Akabonyeza jina la kikao, na nyuso kumi na sita zikajaa kwenye kioo. Katikati yao alikuwa Penieli, amevaa shati la kanisani, simu kaibana kifuani.

"Dada yetu amegoma kuja," alikuwa akiwaambia wazee, machozi yakimlengalenga. "Ila asubuhi hii kaniachia neno lake. Kasema jina la baba nilichukue mimi."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Penieli akazima kipaza sauti, akageuka pembeni, akainua simu.

"Dada," Lagi akamsikia sikioni, "bado haijaona kitu?"