Mashine ya Povu ya Ernestine

Katika mji mzima wa Kasongo, mashine ya kuipa bia nyeusi povu zito kama la baa ilikuwa kwa Ernestine tu. Tena ilifanya kazi vizuri, mara moja tu.

Siku ya wakwe kuja, betri zake zilikuwa zimekufa. Baba wa kijana aliyetaka kumwoa binti wa Ernestine alitoka Kabambare kwa pikipiki, akakaa akingoja glasi aliyosifiwa. Asipoinywa, neno la ndoa halisemwi. Na tumbo la binti lilikwisha kuonekana.

Jikoni, Ernestine alitumbukiza kikonyo cha jani la papai katika bia, akapuliza hadi macho yakamtoka. Povu likapanda. Akampelekea mgeni glasi.

“Kweli ni mashine imefanya hii yote?”

“Mashine yenyewe, muzee! Mimi sikugusa hata.”

“Sasa hii povu kwa pua yako, mama, imetoka wapi?”