Karibu ya Ngiri Ndegeni

Ngiri alipanda ndege mkia juu kama bendera, kama ukoo wake wote unavyotembea.

"Hamjambo, jamani?" aliwasalimu abiria.

Dubu wa nchi ya theluji aliziba masikio. Kangaruu wa ng'ambo aligeukia dirisha. Hakuna aliyeitikia.

Chakula kilipoletwa, Ngiri aliweka sahani yake sakafuni, akapiga magoti, akasema, "Karibuni."

"Mshamba huyu!" Kangaruu alicheka. "Wastaarabu hula vitini."

"Kwetu chakula hupigiwa magoti," alijibu Ngiri, wala hakuona haya.

Mara ndege ikashuka ghafla kama ndoo kisimani. Supu ya Dubu ikammwagikia kifuani. Kangaruu akagonga dari, na wali wake wote ukaishia kwenye mfuko wake wa kubebea mtoto. Ngiri, aliyekuwa tayari chini, hakupoteza hata punje.

Safari ilikuwa bado ndefu, na chakula kingine hakikuwapo.

"Ndugu Ngiri," Dubu alinong'ona, "ile karibu yako bado ipo?"

"Ipo. Lakini meza yangu ni hapa chini."

Dubu akapiga magoti. Kangaruu naye akafuata. Ngiri akasogeza sahani katikati, mkia juu, akasubiri kwanza.

"Hatujambo," wakaitikia wote wawili.